Kipimo cha asubuhi hakijui sinia la mchana

Mashine za kupimia sukari si mali ya hospitali peke yake tena. Unguja na Pemba utazikuta kwenye kabati la vyombo, ndani ya mkoba wa bibi, na juu ya meza ya duka la dawa ambako mtu anachomwa kidole huku akisubiri chenji yake. Nyingine zimeletwa na jamaa aliyetoka Dubai au Maskati, nyingine zimenunuliwa Darajani au Chake Chake. Wengi wanalisifu jambo hili kuwa ni ushindi, kwamba watu sasa wanazijua sukari zao. Mimi naona tumelifahamu kombo. Mashine imeingia nyumbani, lakini tumeipa kazi ya hakimu. Tunaiuliza nani kakosa, wakati inachoweza kutujibu vizuri ni kitu gani kimeipandisha sukari, saa ngapi, na kwa kiasi gani. Tukiendelea hivi vijiti vya kupimia vinavyotiwa kwenye mashine vitaisha na vidole vitauma, na macho, figo na miguu ya watu wetu itaharibika vilevile kama ilivyokuwa kabla ya mashine kuja.

Kwanza tuelewane juu ya namba zenyewe. Mtu akipimwa asubuhi hajala na sukari ikawa 7.0 au zaidi, kisha ikarudiwa siku nyingine ikawa vilevile, huo ni ugonjwa. Kwa aliyekwishagundulika, lengo la wengi ni baina ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, ingawa mzee au mwenye maradhi mengine daktari humlegezea kidogo. Hizo ni milimoli kwa lita, ndizo zinazotumika katika hospitali zetu. Mashine nyingi zinazouzwa Dubai na Saudia husoma kwa miligramu kwa desilita, na ili kupata namba yetu lazima ugawe kwa 18. Nimemshuhudia mzee mmoja mtaani akikosa usingizi kwa sababu mashine aliyoletewa na mwanawe ilimwonyesha 162, naye kliniki amezoea kuambiwa 9. Ilikuwa sukari ileile.

Kinachomuumiza mgonjwa wa kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya pili, ni jumla ya saa zote ambazo sukari imekaa juu, miaka na miaka. Utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kwa jina la UKPDS, ulioanza 1977 na kuwahusisha wagonjwa zaidi ya 5,000, ndio uliotupa hesabu. Uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila wastani wa sukari ya miezi mitatu, yaani kipimo cha HbA1c, ulipokuwa chini kwa asilimia moja, kwa mfano asilimia 7 badala ya 8, madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Neno muhimu hapo ni wastani. Ndani yake imo sukari ya alfajiri, ya saa nne baada ya chai, ya alasiri baada ya wali, na ya usiku wa manane ambapo hakuna anayepima.

Sasa tazama tunavyopima. Mgonjwa ana tarehe yake ya kliniki. Siku mbili tatu kabla, nyumba nzima inajua: chai inanywewa chungu, wali unapungua, chakula cha usiku kinageuka bakuli la mchicha. Siku yenyewe anaamka hajala, anachomwa kidole, mashine inasema 6.8. Anapongezwa, anaandikiwa dawa zilezile, na kabla hajafika kituo cha daladala kashanunua maandazi. Hakuna asiyeujua mchezo huu, si wagonjwa, si wauguzi. Ni kama mvuvi anayetazama pwani alfajiri moja akadhani ameshajua maji yanavyojaa na kupwa mwezi mzima. Daktari amemtibu mtu wa siku tatu. Mtu wa siku ishirini na saba zilizobaki hajawahi kumwona.

Na yule ambaye namba yake imetoka mbaya? Anaulizwa "Umekula nini wewe?" mbele ya foleni, kwa sauti ya mama anayemkemea mtoto aliyedokoa. Mtu ana wajukuu, ana heshima yake mtaani, anasimamishwa mbele ya majirani kwa sababu ya kipande cha mkate wa kumimina. Mara nyingine atafunga zaidi kabla ya kwenda, au hataenda. Tunapenda kumwambia mgonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nani aliyemfundisha kuficha? Tumemfundisha sisi, tulipoifanya namba kuwa cheti cha tabia njema.

Kibaya zaidi, namba ya asubuhi tuliyoichagua kuwa shahidi mkuu ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Watu wengi wenye kisukari huamka na sukari ya juu hata kama jana hawakula cha maana. Karibu na alfajiri mwili humwaga homoni za kuamsha, ini nalo huachia sukari liliyoihifadhi, na kwa mtu ambaye insulini yake, homoni inayoitoa sukari kwenye damu, ni chache au haifanyi kazi sawasawa, sukari hiyo hubaki kwenye damu. Asiyeelezwa hivyo hufanya linalomjia akilini: anaacha chakula cha usiku. Asubuhi anapima, 9.5. Usiku wa pili haweki kitu mdomoni, asubuhi 9.8. Hapo wapo wanaokata tamaa kabisa, na wapo wanaoongeza kidonge bila kumuuliza mtu. Sukari ya asubuhi iliyo juu kila siku mara nyingi ni suala la dawa, la kiwango chake au saa ya kuinywa. Ni jambo la kuzungumza na daktari, na kumshutumu mgonjwa kuwa mlafi hakusaidii kitu.

Kwa maoni yangu tatizo letu kubwa liko mchana, tena liko kwenye sinia. Ushauri wa lishe tunaopewa umechorwa juu ya sahani: nusu mboga, robo wanga, robo kitoweo. Ni picha nzuri, lakini inamfaa anayekula peke yake kwenye sahani yake. Baba wa Micheweni anayekula na wanawe na wageni hana robo. Wali umejaa, mchuzi umemwagiwa juu, samaki yuko katikati, na adabu inamtaka mtu ale upande wake asirukie wa mwenzake. Mboga, ikiwepo, ni kachumbari ya kijisahani. Matonge hayahesabiki. Mtu hali mpaka ashibe, anakula mpaka wenzake wanawe mikono. Akiwa ndiye mwenyeji mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mwenyeji hanawi kabla ya mgeni. Akiinuka yeye, mgeni naye atainuka na njaa yake. Kwa hiyo mwenye sukari, kwa ajili ya ukarimu wake tu, ndiye anayebaki sinia hadi mwisho. Hakuna kijitabu cha lishe nilichowahi kukisoma kinachoujua mtego huu, na bado tunamlaumu mgonjwa kwamba hafuati ushauri.

Hapa ndipo mashine ingekuwa na faida. Tuseme mtu wa aina hiyo anajipima saa saba mchana kabla ya kula, anapata 7.4. Anakula sinia kama kawaida, na baada ya saa mbili anajipima tena, 14.1. Kesho anajipima tena kabla ya kula, wali uleule, samaki yuleyule, ila kabla ya kukaa anajipakulia bakuli lake dogo la wali, anaanza na samaki na mchicha, kisha ndiyo anaingia kwenye wali wake akila pamoja na wenzake. Baada ya saa mbili anapata 10.6. Vijiti vinne, siku mbili, na amejifunza jambo kuhusu nyumba yake mwenyewe ambalo hakuna daktari angeweza kumwambia. Tafiti ndogo ndogo zimeonyesha kwamba kuanza na mboga na kitoweo kabla ya wanga hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo, na kwamba kutembea dakika kumi au kumi na tano mara baada ya kula husaidia vilevile. Mgonjwa hana haja ya kuziamini tafiti hizo kwa imani tu. Kidole chake kitamthibitishia au kitamkatalia.

Vilevile ingetutoa kwenye kosa la kudhani sukari ya damu inatokana na sukari ya kijiko. Nenda barazani ukasikilize: "Mimi sukari nimeiacha kabisa." Kweli ameiacha, kahawa yake ni chungu, lakini asubuhi amekula chapati mbili na boflo, mchana wali, jioni muhogo wa nazi. Wali, muhogo, majimbi, ndizi, shelisheli, mkate, vyote tumboni huishia kuwa glukosi. Asali nayo, iliyosifiwa kiasi gani, huipandisha. Tende tatu za kufungulia si sawa na tende kumi. Juisi ya embe isiyotiwa sukari ni maembe mengi yaliyoondolewa kazi ya kutafunwa. Urojo ni unga, viazi na bajia ndani ya bakuli moja, na anayeuita mchuzi anajidanganya (nasema hivi nikiwa mpenzi wake mkubwa). Kunde, mbaazi na choroko hupandisha taratibu zaidi. Ama mkate wa mofa, kila mtu ana nadharia yake, maana mtama umepewa sifa ya kuwa dawa. Kuna anayeula akabaki na 8, na kuna anayeula vipande vitatu akafika 13. Apime.

Wapo wanaopinga, tena wana hoja, na iliyo nzito inatoka kwa wataalamu wenyewe. Wanasema kwamba kwa mgonjwa wa aina ya pili asiyechoma insulini, kujipima nyumbani hakujathibitika kuwa na faida kubwa. Hawakulitunga. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la North Carolina, Marekani, uliohusisha wagonjwa 450 wa aina hiyo. Baada ya mwaka mmoja, waliojipima kila siku na wasiojipima walikuwa na wastani wa sukari usiotofautiana kwa maana yoyote. Katika nchi ambayo vijiti ni ghali na dawa zenyewe wakati mwingine hukosekana, hoja hii haipuuziki: kwa nini fedha ya metformini, kidonge cha sukari, ikaliwe na vijiti?

Naikubali nusu. Kupima kila siku kwa sababu imefika saa ya kupima, ukaandika namba na kuifunga, ni kupoteza damu na pesa. Huko ndiko utafiti ule ulikotufikisha, na ndiko tuliko sisi pia. Lakini kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa 2011, uliowachukua wagonjwa 483 wasiotumia insulini na ambao sukari zao zilikuwa zimewashinda. Kundi moja lilipima kwa mpango: siku tatu mfululizo kila baada ya miezi mitatu, mara saba kwa siku, kabla na baada ya milo, na karatasi hiyo ikapelekwa kwa daktari aliyefundishwa kuisoma. Mwisho wa mwaka kundi hilo lilikuwa limeteremka zaidi kuliko lenzake. Tofauti haikuwa kubwa, kiasi cha asilimia 0.3 ya HbA1c, na sitaki kuipamba. Inatosha tu kuonyesha kwamba mashine ileile ina faida au haina kutegemea kama nyuma yake lipo swali, na mbele yake yupo mtu wa kulijibu. Tena namba ya vijiti haikuhitaji kuwa ya kila siku kwa mwaka mzima.

Hoja ya pili ni ya hofu. Watoto wengi hawataki mama yao ajipime kwa sababu "akiona namba presha itampanda". Hofu hiyo ni ya kweli, ila imetengenezwa na ile mahakama niliyoisema. Mtu akijua kwamba 13 baada ya biriani ya harusi ni taarifa kuhusu biriani, na kesho itashuka, haimshtui. Akidhani ni hukumu juu yake, hata 8 itamtoa jasho. Kwanza mashine zenyewe hazina usahihi wa kiasi hicho. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu kosa la hadi asilimia 15 juu au chini kwa sukari zilizo juu ya 5.6, kwa hiyo anayelia kwa sababu jana alikuwa 8.2 na leo ni 9.0 analia bure. Mwelekeo wa namba nyingi una maana. Namba moja peke yake ina maana ndogo.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya wanaosema mwili wenyewe huwaambia: "Mimi sukari ikipanda najijua." Anayejijua ni yule ambaye imepanda ghafla au imepanda sana, akashikwa na kiu, akawa anaenda chooni usiku kucha, macho yakafanya ukungu. Sukari ya 11 au 12 iliyokaa miezi haimwambii mtu kitu. Mwili huizoea, na ubaya wa kuizoea ni kwamba sukari ikianza kuteremka kwenda 7 kwa sababu dawa imefanya kazi, mtu huyohuyo hutetemeka na kuona kizunguzungu, akaamini kwamba dawa inamuua na kwamba 12 ndiyo sukari yake ya asili. Wangapi wameacha vidonge kwa ajili hiyo wakahamia kwenye mizizi na uwatu? Sina ugomvi na uwatu wala mdalasini kwenye chakula. Nina ugomvi na anayemuuzia mtu chupa na kumwambia aache metformini, dawa ambayo chimbuko lake lenyewe ni mmea wa Ulaya uliofanyiwa utafiti kwa miongo kadhaa kabla ya kuanza kutumika Ufaransa mwaka 1957. Mti ukiwa dawa, kuna anayeupima, akajua kiasi chake na madhara yake. Chupa ya mtaani haina yote hayo, na mara nyingi anayeiuza hapendi mteja wake ajipime.

Kujisikia mzima kunadanganya zaidi miguuni. Sukari ya juu huua hisia kuanzia vidoleni, na mtu anaweza kutembea na mwiba ndani ya ndara kutwa nzima asijue. Waislamu wenye sukari wana nafasi ambayo wengi hawaitumii: miguu inaoshwa mara kadhaa kwa siku kwa ajili ya udhu. Ukiosha, tazama nyayo, pitisha kitambaa baina ya vidole pakauke, na kama macho hayafiki mwite mjukuu atazame. Hilo halihitaji kijiti hata kimoja.

Kuna mambo mengine yanayopandisha sukari ambayo chakula hakihusiki nayo, nayo yanapotea kabisa tukishika lugha ya lawama. Homa hupandisha. Jino bovu, kidonda, maambukizi ya mkojo, kukosa usingizi, msiba nyumbani, vyote hupandisha. Prednisolone anayopewa mtu kwa pumu au mzio huipandisha sana. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kwenye 8 na 9 akaona 15 kwa siku mbili bila kubadilisha chakula ajiulize anaumwa nini, asianze kujinyima. Wala asijiongezee vidonge, khasa glibenclamide, kidonge kingine cha sukari, ambayo inaweza kuiteremsha sukari mpaka mtu akapoteza fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliozidi miaka 60, na bado wazee wanaitumia. Sukari ya juu ikija pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu au kuchanganyikiwa, hapo hakuna cha kupima tena, ni hospitali. Na kwa vijana wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini, kila nililosema kuhusu kuokoa vijiti haliwahusu. Wao wanahitaji kupima mara nyingi kila siku na hawaachi insulini hata siku wasiyokula. Wenye kuogopa kwamba umeme ukikatika dawa imeharibika wajue jambo moja: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 utafiti, uliofuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, wakakuta insulini iliyokaa baina ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Kwa kisiwa cha Unguja, kilichokaa gizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, habari hiyo ilistahili kutangazwa misikitini.

Mwezi wa Ramadhani unayaweka haya yote pamoja. Utafiti wa EPIDIAR uliofanywa 2001 katika nchi 13 ulikuta kwamba sukari kupanda kupita kiasi hadi kulazwa iliongezeka karibu mara tano kwa wagonjwa wa aina ya pili katika mwezi huo. Tunahofu kushuka, na ni haki kuhofu, lakini futari yetu ya magimbi ya nazi, tambi za sukari, uji na kaimati baada ya saa kumi na tatu za njaa ni mlo wa wanga juu ya wanga. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unasema mtu afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 au imepanda juu ya 16.6, na wanazuoni walioulizwa wamesema kuchoma kidole hakufunguzi. Bado nakutana na watu wazima wasiojipima mchana wa Ramadhani kwa kuogopa kuharibu saumu. Imamu akilisema hilo Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani, atakuwa amefanya kazi ya vijitabu vingi.

Basi ikiwa nimeeleweka, mabadiliko yanayohitajika hayahusu kununua mashine zaidi. Kliniki iache kutegemea namba ya asubuhi peke yake. Imwambie mgonjwa aje na jozi chache, kabla na baada ya mlo uleule, na iulize mlo huo ulikuwa nini kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. HbA1c ni nzuri na inaziba udanganyifu wa siku tatu, maana inasoma chembe nyekundu za damu zinazoishi miezi mitatu hadi minne, lakini kwetu ina tahadhari yake: mwenye seli mundu au upungufu mkubwa wa damu inaweza kumsoma vibaya, kwa hiyo jozi za nyumbani bado zitahitajika. Kuna hospitali mpya za wilaya visiwani, na Pemba zimo. Kupima mtu baada ya chai badala ya kumweka na njaa hadi saa nne hakuhitaji jengo jingine. Na vijiti vihifadhiwe kwenye kopo lake lililofungwa, kwa sababu unyevu wa pwani huviharibu haraka, na mtu aoshe mikono kabla ya kupima. Kidole kilichotoka kwenye halua ya Wete kitasoma halua.

Gharama ndiyo itakayoamua. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya 2023, ukivihesabu vijiti kama anasa, vitabaki kuwa vya wenye jamaa Uarabuni. Ukivihesabu kama sehemu ya matibabu, lakini kwa mpango, tuseme kopo moja la vijiti 50 kila miezi mitatu kwa mgonjwa wa aina ya pili asiyechoma insulini na zaidi sana kwa anayechoma, gharama inakadirika na kudhibitika. Wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanaingia majumbani tayari kwa ajili ya mama na mtoto, simu zao mkononi. Wao wanaliona sinia. Daktari wa kliniki halioni, na fomu anayoijaza haina nafasi ya kuandika kwamba mgonjwa huyu ndiye mwenyeji na hawezi kunawa kabla ya wageni wake. Ningeanza kwa kuiongeza nafasi hiyo kwenye fomu, hata kabla ya kuagiza kijiti cha kwanza.